Mabenchi Manane ya Behewa 3614

Debe la mafuta ya kula la lita ishirini, ukilikunjua na kulinyoosha kwa nyundo ya mbao, linatoa mbavu zote mbili za behewa la abiria la mfano, na kipande cha mlango kinabaki. Urbanus alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake Kilosa, mkasi wa kukatia bati mkononi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, anakata dirisha la kumi na moja. Dirisha hilo lilitakiwa kuwa jembamba kuliko wenzake kwa upana wa punje ya mchele. Angelikata sawa na mengine, hakuna binadamu ambaye angemsema. Ila yeye angejua, na chai ya asubuhi isingemshuka vizuri.

Mabehewa mapya hakuwa na habari nayo. Behewa jipya, alikuwa akisema, lina mchoro. Unaufuata, umemaliza, unakwenda kuoga. Behewa lililokarabatiwa ndilo linalompima fundi. Hapa palikuwa na mlango ukahamishwa, pale ribiti za zamani, pini za kuunganishia bati, zimekutana na ribiti za juzi, na dirisha la kumi na moja lilipunguzwa kupisha mhimili wa chuma ambao mchoro haukuukumbuka. Mambo hayo aliyajua kwa sababu ni mikono yake iliyoyafanya. Alikuwa seremala wa mabehewa miaka thelathini na miwili, katika karakana ndogo ambayo siku hizi ni ghala la mahindi, na vipimo vyote alivitunza katika madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Kazi hii aliletewa na Anastazia, mwanamke wa Zombo aliyefungua nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibu, kaa.”

“Mzee, nataka behewa 3614, lile la treni ya Kidatu. Bibi yangu alikuwa akilipanda. Nitaliweka mapokezi. Lakini liwe kama lilivyokuwa, maana ninapata wageni wanaopenda reli. Hao wanahesabu madirisha.”

“Wahesabu.”

“Wanahesabu mpaka ribiti, mzee.”

Urbanus alivua miwani akaifuta. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hii ilikuwa mara ya kwanza kusikia habari za watu wenye akili timamu. Akaikubali kazi kabla hajamaliza kuifuta.

Alitumia kipimo cha moja kwa ishirini. Sakafu aliifanya kwa vipande vya mninga, nyavu za mizigo kwa waya wa dirisha, springi za bogi, pale penye magurudumu, alizitoa ndani ya kalamu za wino. Mabenchi ya mbele aliyafunga kwa skrubu za saa. Alipofika theluthi ya nyuma ya behewa hakufunga benchi lolote. Alitoboa sakafu matundu sitini na manne, madogo kama macho ya sisimizi, kisha akaziba kila tundu kwa kijiti cha mninga na kulipiga msasa. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu na kumuumiza shingo.

Siku ya nne, saa nane mchana, abiria walianza kupanda.

Walikuwa na urefu wa kidole cha shahada, wengine wakipungua kidogo. Walitokea upande wa kopo la gundi, wakatembea juu ya rula ya chuma iliyokuwa imelazwa pale mezani, wakaingia kwa mlango wa kushoto kama inavyotakiwa, kwa kuwa wa kulia ulipigiliwa misumari wakati wa ukarabati. Kulikuwa na wakata miwa wa Ruhembe na mapanga yao yamefungwa kwenye magunia, akina mama wenye kuku, na kijana mmoja wa Kimaasai mwenye kibuyu cha maziwa. Urbanus alisogeza nyundo ili mtu asijikwae.

“Shikamoo, mzee,” alisema yule kijana. Aliitwa Kulet, na alikuwa anakwenda mnadani Kilosa kutazama bei ya ng'ombe.

“Marahaba, kijana. Mko wengi leo.”

“Tuko kama siku zote.”

Waliotangulia walikaa. Waliochelewa walikwenda nyuma wakasimama, mkono mmoja kwenye waya wa mizigo, mwingine kwenye mzigo. Treni ile zamani ilikuwa ikipumzika Mikumi nusu saa, halafu ikaondoka, na kufika Kilosa saa kumi na moja jioni. Behewa la Urbanus halikusogea hata unywele, lakini ratiba ni ratiba. Saa nane na nusu abiria waliyumba kidogo, wote upande mmoja, kama watu ambao treni yao imeanza kuondoka. Saa kumi na moja wakashuka, wakavuka meza, wakaenda zao nyuma ya kopo la misumari.

Wa mwisho kushuka alikuwa Odilia.

Odilia alikuwa mke wa Urbanus miaka arobaini na mitatu, na alikuwa marehemu miaka minne. Alishuka kinyumenyume, kapu kwanza, kama alivyokuwa akishuka siku zote. Alisimama mbele ya kikombe cha chai akamtazama mumewe juu hadi chini, shughuli iliyomchukua muda kwa ule urefu aliokuwa nao.

“Baba Valentino, umekonda.”

“Nakula, Mama Valentino.”

“Unakula nini? Miguu yangu imekufa. Nimesimama toka Mikumi.”

Urbanus alikwenda jikoni. Hakuhitaji kuambiwa la kufanya. Alikuwa amelifanya miaka kumi na moja, wakati mama mkwe wake alipokuwa mgonjwa Mikumi na Odilia akimwendea kila baada ya wiki mbili. Siku hizo alimtengenezea beseni. Sasa alichukua kizibo cha soda, akatia maji ya vuguvugu na punje tatu za chumvi, akakiweka mezani. Odilia alivua viatu akatumbukiza miguu, akafumba macho. Kisha akasema maneno yale yale aliyoyasema miaka yote ile:

“Huyo aliyeng'oa mabenchi ya nyuma, Mungu anamwona.”

Na Urbanus, kama miaka yote ile, alikohoa akaongeza maji.

Aliyeng'oa ni yeye. Mwaka wa ukarabati aliitwa na mkuu wa karakana, Bwana Lusekelo, akaambiwa afungue mabenchi manane ya nyuma yapelekwe kushonewa vikalio vipya. Akachukua bisibisi akayafungua. Lori likayachukua. Wiki ya kwanza aliamini kwamba yatarudi. Wiki ya pili aliziba matundu ya skrubu kwa vijiti, asije mtu akakwama kidole. Wiki ya tatu 3614 likarudi njiani, na kwenye faili ikaandikwa kwamba viti vyote vimerudishwa mahali pake. Habari hizo hakumwambia mkewe. Mwanzoni aliona haya, baadaye akaona amechelewa, na mwisho maji ya chumvi yakawa ndiyo mazungumzo yao juu ya jambo hilo.

Kila siku saa nane abiria walipanda, na kila siku Odilia alisimama karibu na mlango wa nyuma, kapu katikati ya miguu. Urbanus alikuwa akipaka rangi paa huku akimtazama kwa dirisha la kumi na moja. Alifurahi kuwa naye, asikudanganye mtu. Nyumba ilikuwa na sauti tena. Lakini kumtazama mtu unayempenda amesimama saa mbili na nusu, nawe una mbao, una gundi, una mikono, kunachosha kuliko kusimama kwenyewe.

“Wewe si seremala?” Odilia alimwuliza siku ya tano ya safari hizo. “Mbao hizo zote unaziweka za nini?”

“Behewa halikuwa na mabenchi huku nyuma, mama. Nikiweka nitakuwa nimedanganya.”

“Lilikuwa nayo. Kuna mtu aliyang'oa.”

Asubuhi iliyofuata Urbanus alijikaza. Alichonga mabenchi manane ya mninga, kila moja na mgongo wake wa fito tano, akayafunga nyuma kwa skrubu. Chini ya kila benchi aliandika jina lake na tarehe kwa penseli. Hiyo ilikuwa desturi ya maseremala wote wa karakana yao: benchi likimalizika, fundi alilala chali sakafuni akaandika jina lake kwa chini, mahali ambapo abiria hatapaona, kisha akainuka akijipangusa kama hakuna kilichotokea. Ilikuwa sahihi pekee waliyoruhusiwa, kwa sababu hakuna aliyeijua.

Saa nane abiria walikuja juu ya rula. Kulet alichungulia mlangoni, akatazama nyuma, akarudi.

“Mzee, hili siyo letu.”

“Ni lenu. Nimewaongezea viti.”

“Letu halina viti nyuma. Hili ni la watu wengine.”

Abiria wakaweka mizigo chini. Hakuna aliyepanda. Walingoja 3614 pale juu ya rula, kwa subira ya watu waliozoea kungoja, kuku wao wakidonoa maganda ya mbao. Ilipofika saa nane na robo Urbanus aliona kwamba wataikosa treni. Mnadani kungefungwa, na Odilia asingefika nyumbani. Akachukua bisibisi.

Alifungua benchi la kwanza. Akafungua la pili. Mkono ulikuwa unajua njia. Skrubu nne za mbele, nne za nyuma, inua, weka pembeni. Alipomaliza la sita aliinua macho akamwona Odilia amesimama ukingoni mwa rula, mikono kiunoni, anamtazama anavyong'oa.

Urbanus aliweka bisibisi chini.

“Mama Valentino,” alisema, “ni mimi.”

“Najua.”

“Niliambiwa yatarudi.”

“Najua kuwa ni wewe, Baba Valentino. Nimejua tangu safari ya pili. Mtu akisimama kutoka Mikumi atatazama nini kama siyo sakafu? Nikaona vile vijiti. Nyuzi za mbao zimefuatana na sakafu, huwezi kuvikamata hata kwa ukucha. Kilosa nzima nani mwingine anaziba tundu hivyo? Ulidhani yale maji ya chumvi nilikuwa nakuomba bure?”

Urbanus alihesabu kwa kichwa: miaka kumi na moja, kila baada ya wiki mbili. Akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye rangi. Odilia naye alicheka, lakini kwa kiasi, maana alikuwa bado amesimama. Mabenchi mawili ya mwisho yalitoka yenyewe kwa urahisi. Abiria wakapanda, wa nyuma wakasimama, na treni ikaondoka kwa wakati.

Jioni ile, miguu ikiwa kiziboni, Odilia aliuliza yalipo mabenchi yenyewe.

“Kwa Lusekelo. Mikumi. Ameyaweka kibarazani.”

“Basi nenda ukayaone.”

Alhamisi Urbanus alipanda basi hadi Mikumi. Bwana Lusekelo alikuwa na miaka themanini na kitu, na nyumba nzuri ya bati jekundu iliyoelekea reli. Mabenchi yalikuwa kibarazani, yote manane, yamepakwa vanishi. Hata miguu ya mabenchi ilikuwa imesuguliwa vizuri.

“Shikamoo, mkuu.”

“Marahaba, fundi! Urbanus! Kaa, kaa. Mama, leta chai, kuna mgeni wa Kilosa.”

Urbanus alikaa. Benchi lilikuwa imara. Waliulizana habari za wajukuu, za mvua, za treni ya umeme inayopita Kilosa kama imefukuzwa. Chai ilipofika nusu, Urbanus aliomba ruhusa, akalala chali juu ya sakafu ya kibaraza, akachungulia. Maandishi ya penseli yalikuwepo: jina lake kwenye matano, na kwenye matatu jina la Kornelio, fundi mwenzake, aliyekwisha kuzikwa Kilangali. Bwana Lusekelo alimngojea ainuke.

“Mkuu, haya ni ya 3614.”

“Ndiyo,” alisema Bwana Lusekelo. “Mazuri sana. Sijawahi kuyarekebisha hata mara moja.”

“Watu wanasimama.”

“Mpaka leo?”

“Mpaka leo. Na mke wangu.”

Bwana Lusekelo alikoroga chai ambayo ilikwisha kukorogwa. Hakuwa mtu mkali. “Pole sana, fundi. Lakini nitafanyaje? Faili linasema yalirudishwa. Kitu kilichokwisha kurudishwa hakirudishwi mara ya pili. Na behewa lenyewe lilikwenda kuwa chuma chakavu. Nikuruhusu uyachukue, utayafunga wapi?”

Urbanus alifikiri, akaona kwamba swali la mwisho lilikuwa la haki, ingawa mwulizaji hakuwa na haki ya kuliuliza. Akamaliza chai. Kisha akatoa rula ya chuma na kamba mfukoni akaomba kupima kibaraza.

“Pima tu,” alisema Bwana Lusekelo, akafurahi kwamba mazungumzo yamekwisha salama. Alimshikia hata ncha moja ya kamba.

Urbanus alipima urefu, upana, nguzo nne, ngazi tatu, na ufa wa saruji wenye umbo la mkia wa mjusi. Alipima nafasi kati ya benchi na benchi. Aliandika yote kwenye daftari, akashukuru, akapanda basi.

Wiki iliyofuata alijenga kibaraza, moja kwa ishirini. Saruji aliifanya kwa saruji. Bati jekundu alilikata kwenye kopo la maziwa ya unga. Ufa aliuchora kwa ncha ya sindano. Mabenchi manane aliyokuwa amechonga aliyapaka vanishi, akayapanga kibarazani vilevile alivyoyakuta. Kwenye matatu alifuta jina lake, akaandika Kornelio. Kibaraza alikiweka ubavuni mwa behewa 3614, mkabala na mlango, mahali palipokuwa na stesheni ya Mikumi. Hapakuwa na uongo ndani yake hata wa unene wa ribiti moja.

Saa nane abiria walikuja. Walitazama behewa, wakaona ni lao. Halafu wakatazama kibaraza.

“Mzee,” aliuliza Kulet, “treni inaondoka saa ngapi?”

“Saa nane na nusu, kama siku zote.”

Wakapandisha ngazi tatu, wakakaa. Wakata miwa walinyoosha miguu. Kuku waliwekwa chini ya mabenchi. Kulet alifungua kibuyu, maziwa yakazunguka, na mtu mmoja mwenye suti akasema kwamba mabenchi ya aina hii hayatengenezwi tena. Odilia alichagua benchi la tatu, lililokuwa na jina la mumewe kwa chini. Alikaa polepole, akaegemeza mgongo kwenye zile fito tano, akaweka kapu pembeni. Urbanus alikuwa ameshika brashi ya rangi na hakupaka chochote.

“Vipi, Mama Valentino?”

“Fundi wake alijitahidi,” alisema Odilia.

Saa nane na nusu waliinuka wote, wakashuka ngazi, wakapanda behewa. Wa nyuma wakasimama.

Anastazia alikuja na gari kuchukua kazi yake. Aliuliza kibaraza ni cha nini, akaambiwa ni sehemu ya behewa. Alikitazama sana, akainama, akaona abiria wamekaa, na katikati yao bibi mmoja mwenye khanga yenye michoro ya buibui, khanga aliyoikumbuka tangu utotoni. “Shikamoo, bibi,” alisema. Akajibiwa. Baada ya hapo hakuuliza tena, akafunga vyote kwa blanketi na kuendesha taratibu.

Behewa liko mapokezi hadi leo, na wageni wanaopenda reli wamelihesabu. Madirisha ni sawa, ribiti ni sawa, dirisha la kumi na moja limewatoa machozi wawili. Mmoja, aliyekuja na mchoro wa ukarabati uliopigwa mihuri yote, aliandika katika kitabu cha wageni kwamba kazi ni safi ajabu, ila fundi amesahau mabenchi manane. Urbanus alisomewa maneno hayo kwa simu na Anastazia. Aliuliza tu kama mgeni huyo alikula vizuri.

Simu nyingine ilitoka kwa Bwana Lusekelo. Tangu behewa lifike Mikumi, alisema, kila siku saa nane mchana kibaraza chake kinajaa watu wenye urefu wa kidole. Hawasumbui, wanaamkia vizuri, lakini wamekaa kwenye mabenchi yote, na yeye sasa anakunywa chai amesimama.

“Wanakaa muda gani, fundi?”

“Nusu saa, mkuu.”

“Nusu saa.” Alisikika akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. “Basi nitavumilia.” Habari ya kuyarudisha mabenchi hakuigusa, na faili linasema bado kwamba yalirudishwa.

Kilosa, meza ya Urbanus imebaki na rula, kopo la gundi na kopo la misumari. Behewa liko Mikumi, lakini anayeshukia Kilosa hushukia Kilosa. Saa kumi na moja jioni Odilia anatokea, kapu kwanza, kinyumenyume. Kizibo kinakuwa tayari, na punje tatu za chumvi.

“Ulikaa?” anauliza Urbanus.

“Nilikaa nusu saa.”

“Halafu?”

“Halafu nikasimama mpaka hapa.” Odilia anatumbukiza miguu, anafumba macho. “Ongeza maji, Baba Valentino.”

Naye anaongeza.